Maganda Yaendayo kwa Garth Sundeen

Jumamosi moja ya Aprili, theluji ikiwa bado imelala kwenye kivuli cha banda, Nadine Brekke alisogeza bakuli la binti yake, akafuta maziwa yaliyomwagika, akautoa mtutu wa bunduki kwenye bomba lake la karatasi ngumu na kuulaza juu ya meza ya jikoni. Mtutu huo aliununua mumewe Orrin mwaka aliokufa, na tangu hapo haujatoka darini. Ulikuwa chuma kitupu, haujachongwa hata chumba cha risasi. Tilda, mwenye miaka kumi na miwili, aliendelea kula.

"Unataka kuuza?"

"Nataka kujenga bunduki. Ya mechi ya Septemba."

"Mama, wewe hujashindana tangu mimi niko chekechea."

"Basi wapinzani wangu wameshapumzika vya kutosha."

Corliss ni mji wa Wyoming ambako mtoto hapewi kibali cha kuwinda kulungu mpaka apate cheti cha usalama, na cheti hutokana na darasa la klabu yetu ya shabaha. Darasa lina mtihani, na mtihani una swali ambalo ukilikosa umefeli wote, hata kama mengine umeyapata. Swali linauliza: Orrin Brekke alikosea nini? Jibu linalompitisha mtoto ni kwamba Orrin Brekke hakuvaa rangi ya chungwa, ambayo mwindaji huivaa ili wenzake wamwone. Watoto wa Corliss wameliandika jibu hilo kila Septemba kwa miaka mitano, na mwaka huu ilikuwa zamu ya Tilda.

Nadine alijua kwamba Orrin alivaa. Siku ya kuondoka kwenda kambini alimshonea kifungo cha kizibao chake cha chungwa, kifungo cheusi, kwa uzi wa kuvulia samaki kwa sababu uzi wa kawaida ulikuwa umekwisha. Alfajiri ya pili kule mlimani, Garth Sundeen, rafiki wa Orrin tangu shule, aliona kitu kikitikisa vichaka vya misonobari akafyatua kabla ya kuangalia ni nini. Afisa wa wanyamapori alipofika alimkuta marehemu hana kizibao. Wanaume wengine waliokuwa kambini walisikia harufu ya nailoni ikiungua kwenye jiko. Walifungua mlango wa hema hewa ipite, na hawakusema zaidi.

Garth si mtu mbaya wa kusimuliwa kwa chuki. Ni mwenyekiti wa klabu, huondoa theluji kwenye njia ya Nadine kila majira ya baridi bila kuombwa, na humwita Nadine shemeji kama alivyomwita wakati mumewe yu hai. Tena ndiye aliyekuwa mwalimu wa darasa miaka yote hiyo mitano. Desturi ya klabu ni kwamba anayeshinda mechi ya bunduki za kujipakia zenyewe ndiye anayefundisha watoto mwaka huo na kusema mbele yao neno atakalo, na Garth alikuwa hajashindwa. Kwa hiyo Nadine alihitaji bunduki inayoweza kumshinda Garth, na alihitaji kuwa nayo kabla ya Septemba.

Mtutu aliupeleka kwa Lyle Kowis, fundi wa silaha anayefanyia kazi kwenye gereji yake nyuma ya kanisa la Walutheri. Lyle aliufunga kwenye mashine ya kukerezea, akachungulia ndani kwa jicho moja.

"Chuma kizuri hiki. Orrin alijua kuchagua."

"Chonga, Lyle. Kulia utalia baadaye."

Lyle alichonga. Kazi nyingine Nadine aliifanya mwenyewe jikoni: kitako akakipunguza mpaka kikamkaa begani, kifyatulio akakisugua na kukijaribu mpaka kikawa kinaachia bila kuburuta, darubini akaifunga, akaifungua, akaifunga tena. Bunduki ya kujipakia ina sehemu nyingi zinazokwenda mbio kwa wakati mmoja, na kila moja hutaka kuvuruga shabaha. Watu wengi hapa huikatia tamaa na kurudia ile ya kuvuta komeo kwa mkono. Nadine hakukata tamaa. Jioni akitoka kazini alilala kifudifudi sebuleni, bunduki tupu, akalenga swichi ya taa na kufyatua hewa, Tilda akimruka kwenda jikoni na kurudi.

Risasi alizipakia kwa mkono, akipima baruti punje kwa punje, na kitako cha kila ganda akakipaka rangi nyekundu ya kucha ya Tilda. Kuweka alama ni kawaida. Bunduki hizi hurusha maganda kama mtu anayetema kokwa, na watu wa Corliss wako radhi kusameheana mpaka wa shamba lakini si ganda la shaba, ambalo hupakiwa tena na tena.

Mwezi Mei alikwenda uwanjani na Lyle kuijaribu. Alilala, akatulia, akafyatua. Karatasi iliyokuwa yadi mia moja mbele ilitoboka katikati. Ganda lilitoka upande wa kulia kama inavyotakiwa, likapanda, likapita juu ya paa la kibanda cha klabu na kuelekea mjini.

Lyle aliliangalia mpaka likapotea.

"Gesi ya baruti ni nyingi," alisema. "Inalirusha mno. Funga skrubu yake robo mzunguko."

Simu ya Nadine ikalia. Alikuwa Garth, yuko mkahawani, maili nne kutoka pale.

"Shemeji, ganda lako limeniangukia kwenye mayai."

"Umejuaje ni langu?"

"Nani mwingine anayapaka rangi ya kucha maganda yake? Na lina kitambaa ndani. Kijitambaa cha chungwa kimesokotwa mdomoni."

Nadine alifunga gesi robo mzunguko, akapiga ya pili. Nayo ilipiga pale pale. Ganda likaondoka tena kuelekea mjini.

"Hili limechelewa kidogo," alisema Garth kwenye simu. "Limeangukia kiatu."

"Umeona?" Lyle alisema. "Ilikuwa gesi." Akafungua chupa yake ya kahawa, akammiminia Nadine.

Mambo yakaendelea hivyo kiangazi chote. Nadine alipiga risasi, na ganda likaenda kwa Garth popote alipokuwa, likatua karibu na kiatu chake cha kulia, lina kitambaa cha chungwa kisichozidi ukucha. Lyle alijaribu kufunga mfuko wa wavu ubavuni mwa bunduki, maganda yakatoboa wavu. Alijaribu mfuko wa ngozi, na wenyewe ukaenda nayo. Kanisani yaliteremka taratibu katikati ya madawati wakati wa mahubiri, na mchungaji alingoja yatulie kabla ya kuendelea. Peg wa mkahawani alikuwa akifagia chini ya meza ya Garth kila adhuhuri.

"Kuku hujua banda lao," alisema Peg huku anazoa, na Garth akainua miguu ili ufagio upite.

Mji mzima ulielewa. Kuelewa kukaishia hapo.

Kila Jumatatu Garth alimletea Nadine maganda yake kwenye mkebe wa kahawa, yameoshwa, na vitambaa kwenye bahasha, kwa kuwa mali ya mtu ni mali ya mtu. Nadine aliyapakia upya maganda na kuviunganisha vitambaa kwa sindano. Kufikia mwisho wa Juni alikuwa na bega moja na ukosi wa kizibao. Mwezi Julai ganda moja lilifika na kifungo cheusi, bado kina uzi wa kuvulia samaki. Nadine alikitambua akakaa chini kwenye ngazi za mbele, akalia kwa sauti, na Garth akabaki amesimama ameshika kofia yake.

"Alikuwa amevaa," Nadine alisema alipoweza kusema.

"Shemeji."

"Ulimvua ukakichoma. Niambie mimi tu, hapa, hakuna mtu."

Garth aliitazama njia ambayo huisafisha theluji.

"Niliulizwa kwa kiapo," alisema. "Jibu nililotoa ndilo nililonalo. Ukitaka, Jumatatu ijayo nitamtuma mtu mwingine alete mkebe."

"Lete mwenyewe. Usinikwepe."

Akaleta mwenyewe. Mwezi Agosti kizibao kilikamilika, isipokuwa mgongoni, ambapo palibaki tundu ambalo hakuna kitambaa kilichokuja kuliziba. Nadine alikipeleka kwa afisa wa wanyamapori. Yule bwana alikitandaza mezani, akapitisha kidole kwenye tundu, akageuza mshono.

"Ushonaji mzuri. Umekishona lini?"

"Nimemaliza jana."

"Marehemu alifariki miaka mitano iliyopita," afisa alisema kwa upole. "Kitu kilichoshonwa jana siwezi kukiweka mwilini mwa mtu wa miaka mitano iliyopita, mama. Sheria hainiruhusu."

Nadine alikikunja, akaenda uwanjani, akapiga risasi mpaka mtutu ukawaka moto.

Siku ya mechi upepo ulitoka bondeni, ukageuka, ukatoka tena. Mabamba ya chuma yalipangwa hadi yadi mia saba. Garth alipiga asubuhi, vizuri kama kawaida yake, akakosa bamba moja tu. Halafu akasimama nyuma ya mstari na saa yake mkononi kuwasimamia wengine, kwa sababu ndiyo kazi ya mwenyekiti. Nadine alilala. Bamba la kwanza likalia, ganda likaruka nyuma juu ya kichwa cha Dwight Amundsen aliyekuwa akingoja zamu, likatua kwenye kiatu cha Garth.

"Napinga," alisema Dwight. "Linanipita sikioni. Halafu hii ni mechi ya maganda yaliyopotea. Linatakiwa lianguke chini libaki chini, siyo limtafute mtu."

Watu wakamtazama Garth. Mechi ya maganda yaliyopotea maana yake ni kwamba hakuna kuokota. Kinachoanguka ni cha klabu. Sheria haisemi kianguke wapi. Garth angeweza kumtoa Nadine hapo hapo na hakuna ambaye angemlaumu.

"Halijamgusa mtu ila mimi," alisema, "na mimi sijalalamika. Endelea, shemeji."

Nadine aliendelea. Hakuwa na haraka wala hasira. Hasira alikuwa ameimaliza Agosti. Alingoja upepo ulegee, akapiga, akangoja. Bunduki ilifanya alichoijengea. Bamba la mwisho, dogo kuliko sahani ya chai, lililia yadi mia saba mbele, na sauti yake ilipowafikia watu, Garth alikuwa amesimama katikati ya duara la shaba.

"Hajakosa hata moja," alitangaza. "Hesabu ni hesabu. Nadine Brekke ndiye mwalimu." Akampa mkono, na mkono wake ulikuwa mkavu.

Bunduki ile bado inapiga vizuri hivyo, na maganda bado yanakwenda. Garth ameweka ndoo nyuma ya gari lake na nyingine sebuleni, na wageni wakiuliza, mkewe huwaambia wasogeze viti.

Darasa lilifanyika kwenye jumba la zimamoto, watoto kwenye viti vya kukunja, wazazi wamesimama ukutani, Garth safu ya nyuma kwa sababu mwenyekiti lazima ahudhurie. Nadine alikitundika kizibao ubaoni.

"Hiki ni cha Orrin Brekke," alisema. "Alikivaa. Mtu aliyempiga hakuangalia kwanza. Kisha akamvua akakichoma, na watu walisikia harufu. Kosa la Orrin ni kwamba alikuwa na marafiki. Mimi sina jingine la kuwafundisha, ila msifyatue kabla ya kuona."

Watoto walisikiliza kwa adabu. Baadhi ya wazazi walitikisa kichwa kukubali, na mama mmoja alifuta machozi. Garth hakubisha. Alipoona Nadine amemaliza alisimama akagawa karatasi za mtihani, ambazo kamati ya klabu ilizipitisha tangu Machi na kuzichapa, na swali lilikuwa mahali pake.

Dwight, aliyekuwa na mwanawe pale, aliinua mkono.

"Nadine, sisi tunakuamini. Tena mimi nilikuwepo kambini. Ila hawa watoto waandike lipi?"

Garth alisema kwa sauti ya chini kwamba majibu yanayopokewa ni yale ya kamati, na kubadilisha kunahitaji mkutano mkuu, na mkutano mkuu ni Februari. Msimu wa kulungu ulikuwa unafunguliwa Oktoba.

"Mama," Tilda aliita kutoka safu ya mbele. Alikuwa amesubiri kupanda mlima ule tangu baba yake alipomwahidi. "Niandike nini?"

Nadine alimtazama. Neno lilikuwa tayari kinywani mwake tangu Aprili, na alipoona uso wa mtoto akashindwa kulitoa.

"Andika unachokijua," alisema.

Tilda aliinama, akaiziba karatasi kwa kiganja, akaandika.

Anayefundisha ndiye anayesahihisha. Adhuhuri Nadine alikaa peke yake kwenye meza ya zimamoto na kalamu nyekundu na rundo la karatasi. Wote walikuwa wameandika jibu moja. Orrin Brekke hakuvaa rangi ya chungwa. Orrin Brekke hakuvaa rangi ya chungwa. Karatasi ya Tilda ilikuwa na mwandiko safi kuliko zote, na tofauti yake na nyingine ilikuwa kwenye jina tu. Aliandika: Baba hakuvaa rangi ya chungwa.

Nadine akaweka alama ya vema.