Kidole Kisichouma

"Usikikandamize hivyo kidole hicho, Mama. Kina jeraha," Puseletso alimwambia mama mkwe wake.

'Mathakane hakusimama. Aliendelea kuvuta vidole juu ya udongo mbichi uliochanganywa na samadi, mistari ikijipinda ukutani kama shamba lililolimwa juzi. Jumamosi angevua nguo za msiba wa mumewe, na hakuwa tayari kuzivua mbele ya ukuta uliobabuka.

Baridi yabisi ilikuwa imemtesa miaka mingi. Vifundo vilivimba hadi kijiko kikamshinda. Ndipo alipoanza kuchemsha bangi ya shamba la bondeni na kuinywa asubuhi na jioni, na uvimbe ukanywea. Alikuwa amerudishiwa vidole vyake, na aliipenda ile sufuria kuliko mtu.

Udongo wenyewe aliuchimba kwenye gofu la nyumba ya marehemu mama wa mumewe. Humo ndimo kigae cha chungu kilipomkata kidole cha kati.

"Kimetulia tu," alisema. "Hakina uvimbe, hakina joto. Bibi angechukia kuchimbiwa nyumba yake, kingekuwa kama kiazi sasa hivi. Amenipa ruhusa."

"Bibi yule aliyekunyima hata chumvi? Leo ndiyo akupe udongo?"

'Mathakane alicheka, akachota udongo mwingine.

Ukuta ulipokauka, kidole kilikuwa kinanuka. Kilikuwa na rangi ya majivu, baridi, na alipokigonga mezani alisikia mlio lakini hakusikia maumivu. Hapo aliogopa kwelikweli. Ilikuwa kana kwamba kuna mtu amemwazima kidole chake, na mtu huyo hayuko hai.

Puseletso alimpandisha farasi, wakavuka mlima hadi zahanati. Sista Khauhelo alikinusa kidole, akamuuliza anatumia dawa gani, na 'Mathakane akamweleza yote.

"Uvimbe ni mwili unapigana, Mama," nesi alisema. "Huenda bangi ndiyo imeunyamazisha. Siwezi kukuapia, hata madaktari bado wanabishana. Ila wezi wameingia ndani na mbwa hakubweka."

Alimchoma sindano, akamfungia vidonge. "Usiinywe tena. Kikianza kuuma, kiko hai, tutakiokoa. Kisipouma, itabidi kikatwe kabla mkono wote haujaharibika."

"Miaka yote hii nimeomba visiume."

"Basi sasa geuza maombi."

Walirudi nyumbani, na sufuria ikafunikwa. Haukupita muda mrefu maumivu yakarejea. Yalianza kwenye kidole gumba, yakaingia cha pili, yakakiruka cha kati, yakakamata viwili vya mwisho. 'Mathakane aliyahesabu yakipita, akakaa mlangoni akiyangoja yarudi nyuma.

Jumamosi asubuhi wanawake walikuwa uani wakipika, wakiusifu ukuta. Puseletso alipiga magoti mbele yake, akafungua kitambaa, akakibonyeza kidole huku akimtazama usoni. Macho ya binti yule yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Kinauma, Mama?"

'Mathakane hakusikia kitu. Alikunja uso, akavuta pumzi kwa meno.

"Taratibu, mwanangu. Unaniumiza."

Puseletso aliangua kicheko, akakimbia uani kuwaambia wenzake. 'Mathakane alibaki akikitazama kidole. Mahali kilipobonyezwa palikuwa na kishimo, na kishimo hakikujaa.