Kipande cha Boksi Kwenye Msumari

Habari hii nilipewa na mdogo wangu, mke wa fundi viatu, siku zile za mvua alipokuja kunisaidia goti langu liliponigomea. Tulikuwa tunachambua maharage, akaanza kucheka peke yake, kisha kicheko kikakatika akafuta macho. Nikamwambia, "Sema basi, maharage hayana masikio." Akasema.

Mumewe, shemeji yangu, mtaani wanamwita Bado Kidogo, kwa sababu ukiulizia viatu vyako jibu lake ni hilo. Lakini asikudanganye mtu kwamba alikuwa mvivu. Mvivu gani anafungua duka kabla barabara haijafagiwa? Kandambili iliyokatika, zipu ya mkoba, kisigino kilicholegea, mkanda unaotaka tundu jipya, vyote alivimaliza palepale na mteja akaondoka anacheka.

Kazi moja tu ndiyo iliyokuwa inaning'inia, na ilining'inia kwelikweli, kwenye msumari ukutani mbele ya macho yake. Kilikuwa kipande cha boksi chenye mchoro wa mguu wa mtoto.

Mtoto mwenyewe ni binti wa mfua nguo wa mtaa wa pili. Mguu wake wa kushoto ni mfupi tangu kuzaliwa, kwa hiyo akitembea mguu huo hukanyaga kwa vidole tu. Daktari alimwambia mama yake amtafutie kiatu cha soli nene upande huo, tena upesi, maana mgongo ungeanza kupinda kwa kuufuata mguu. Mama akamleta kwa fundi. Fundi akamsimamisha juu ya boksi, akauzungushia mguu penseli, na binti akacheka kwa kutekenywa.

"Lini, fundi?"

"Njooni wiki ijayo, mama."

Wiki ijayo ikazaa nyingine, na ile nyingine nayo ikazaa.

Ukweli ni kwamba fundi hakuwahi kutengeneza kiatu cha namna hiyo. Alimwona mwalimu wake akikitengeneza, zamani, naye mwalimu ameshazikwa. Kila asubuhi alilitazama lile boksi, kisha akageuza uso. Ngoja nipashe mkono moto kwanza, hujisemea, halafu anavuta kikapu cha kazi ndogondogo na kuchukua kandambili. Ikiisha anachukua nyingine. Mkono ukapashwa mpaka jua likazama. Jioni alikuwa amechoka, tena si uchovu wa kuigiza, na mtu aliyechoka hivyo nani atamlaumu? Alijilaumu mwenyewe. Kitandani alikuwa anageukageuka kama aliyelalia mawe.

Siku moja yule mama mfua nguo akaja na binti yake, akaketi kwenye benchi la wateja, akakunja mikono.

"Leo siondoki."

"Hata mimi leo nilikuwa naanza," fundi akasema, na alipokuwa akisema aliamini. Akalitungua boksi, akalipangusa vumbi. "Njoo mwanangu, kanyaga hapa tuhakikishe."

Binti akavua kandambili, akakanyaga. Vidole vyake vikavuka mstari wa penseli, vyote vitano.

Mama akainama, akatazama kwa muda.

"Boksi limesinyaa, fundi, au mwanangu amekua?"

Fundi akainama kuupima mstari kwa kidole.

"Mimi nilidhani magauni tu ndiyo yanamkataa," mama akaendelea. "Kumbe hata kiatu ambacho hakijashonwa kinaweza kumbana mtu."

"Nisamehe, mama. Bado kid..." Akajing'ata ulimi.

"Malizia. Malizia neno lako tulisikie."

Binti ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Mama twende, mgongo unaniuma." Fundi akachora upya upande wa pili wa boksi, nao wakaondoka. Alizisikia hatua zao mpaka kona, za mama nzito, za mtoto moja ikikanyaga na nyingine ikidonoa.

Nyumbani hakugusa chakula. Mkewe akamuuliza, "Baba, hujui au unaogopa?"

"Naogopa. Nikikiharibu je?"

"Mpaka hapa umeshaharibu, na kisu hujakishika."

Asubuhi yake mdogo wangu aliamka kabla ya mumewe, akaingia dukani, mbele ya nyumba, akabeba kikapu chote cha kazi ndogo, akakisukuma chini ya kitanda; mumewe alipotoka kunawa akafunga chumba na ufunguo akaufungia kwenye pindo la nguo yake. Kisha akaweka kigoda mlangoni mwa duka.

Akaja mtu na kandambili. "Fundi yupo?"

"Hayupo."

"Shemeji, si huyo hapo namwona!"

"Huo ni mwili tu. Mwenyewe yuko ndani ya kiatu cha mtoto. Rudi mchana."

Ndani, fundi alikata mpira wa tairi kwa ajili ya soli, tabaka juu ya tabaka, akapaka gundi. Kisu kikateleza, soli ikakatika mshazari. Akaitupa. Mkono wake ukaenda wenyewe upande wa kikapu, ukapapasa sakafu tupu. Akamwita mkewe, "Mama, nipe walau kile kiatu cha zipu, nitulize akili."

"Tulia na akili hiyohiyo."

Akabaki ameketi, hana pa kukimbilia. Mwisho akakata tena. Ya pili nayo haikupendeza, lakini ilisimama, akaisugua msasa mpaka ikakaa sawa.

Hazikupita siku nyingi, wakaja kukijaribu. Binti akasimama amevaa viatu vyote viwili, cha kushoto na soli yake nene, na fundi akapiga magoti.

"Teremsha kisigino, mwanangu."

"Nimeteremsha."

Hakuwa ameteremsha. Ndani ya kiatu kipya mguu ulikuwa bado umesimamia vidole, kama ulivyozoea. Fundi akakishika kisigino kwa kiganja, akakivuta chini taratibu, na alipokiachia kikapanda tena.

"Kitajifunza," mama akasema. Kisha akasema la pili bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililomkaa fundi moyoni. "Daktari anasema mgongo umeshaanza. Kidogo, lakini umeanza."

Fundi akainuka, akajipangusa magoti. "Mguu ukikua mlete asubuhi, mama. Nitapima upya. Chake kitatangulia, vya wengine baadaye."

Mama hakushukuru. Akamshika binti mkono, wakatoka.

Tangu hapo kikapu hulala chini ya kitanda, na hakitoki mpaka ile kazi anayoiogopa iwe imekatwa na kupakwa gundi. Si kwamba amepona. Asubuhi nyingine huja na sauti ya asali, "Mke wangu, kandambili moja tu." Naye humwambia, "Ilianza na moja." Husema kwa utani, lakini hakuna anayecheka.

Jioni ile ya kukijaribu kiatu, fundi aliweka mezani ngozi ya kazi ya kesho, ile ngumu, na kisu juu yake. Akaingia kulala. Mkewe alikuwa ameshasinzia, ufunguo ndani ya ngumi. Yeye akalala chali, masikioni zile hatua za mtoto, moja inakanyaga, moja inadonoa. Alizisikiliza mpaka zikafika kona, zikarudi, zikaenda tena. Kuna wakati akadhani amesikia kisigino kikigusa chini. Akangoja asikie tena, na katika kungoja kule akapitiwa na usingizi.