Lori Namba Kumi na Moja

Jina langu ni Dzigbodi, na kwa Kiewe, lugha ya kwetu, maana yake ni subira. Walionipa hawakunijua. Vijana wa karakana wananiita Mama Kelele wakidhani sisikii, nami nimewaacha, maana bila kelele hakuna lori ambalo lingetoka hapa Bentiu likarudi salama. Kiangazi vumbi linakula vichujio, masika tope linakula beringi, na vipuri kutoka kwetu Accra huchukua miezi mitano, utadhani vinakuja kwa miguu.

Kwa hiyo tunachinja. Lori hili likikosa kitu, tunaking'oa kwa lile. Kila karakana ya walinda amani inafanya hivyo, asikudanganye mtu. Ila mimi nilikuwa na sheria yangu: gari likichinjwa, usukani wake unang'olewa siku hiyohiyo na kuwekwa ofisini kwangu, chini ya meza. Karatasi ya onyo kwenye kioo sitaki kuiona, dereva mwenye haraka hasomi karatasi. Lori lisilo na usukani haliendi popote, basi.

Sasa, kila baada ya miezi mitatu wanakuja wakaguzi kutoka makao makuu ya walinda amani. Gari lisilotembea mbele yao linaandikwa bovu, na kamanda anaaibika mbele ya vikosi vya nchi nyingine. Jumanne ile tulikuwa na malori mawili, namba sita na namba kumi na moja, na valvu moja tu nzima ya breki za nyuma. Koplo Dery, fundi wangu hodari kuliko wote, alinijia akikuna kisogo.

"Mama, wakaguzi wanaangalia kumi na moja asubuhi. Sita, mpaka baada ya chakula."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wao wakila taratibu, mimi nafanya kazi haraka."

"Sijasikia ulichosema, Dery."

"Ndiyo, mama. Wala sijasema kitu."

Nikawaandalia wakaguzi kenke, yale madonge yetu ya unga wa mahindi uliochachushwa, samaki wa kukaanga na pilipili yetu ya shito, ile ya kutoa machozi, nikawapigia soga mpaka saa nane mchana. Dery alihamisha valvu kwenda namba sita. Mabomba ya upepo wa breki za nyuma ya kumi na moja akayaziba kwa bolti, ili angalau lisogee uani kwa breki za mbele pekee. Magari yote ishirini na mawili yakapita ukaguzi.

Usukani wa kumi na moja sikuung'oa. Wakaguzi walikuwa wanalala kambini kwetu, na lori lililotembea asubuhi likionekana jioni halina usukani, wangeuliza. Nikajiambia, kesho wakiondoka tu.

Kesho ikaja na habari kwamba maji yametoboa tuta linalozuia mafuriko yasiingie kambi ya wakimbizi. Amri ikatoka: kila lori zima lipakie viroba vya udongo na kuondoka. Mimi wakati huo nilikuwa ofisini kwa kamanda, napongezwa! Alinipa mkono mbele ya maofisa wote, akasema jina langu limepelekwa Accra, nikirudi mwezi ujao nitavishwa nyota ya uofisa. Miaka ishirini na mitatu nimelala chini ya malori ya watu, na leo nyota. Nilirudi karakana naimba. Nikaona nafasi tupu kando ya ukuta, pale lilipoegeshwa lori.

"Kumi na moja liko wapi?"

Dery alikuwa ndiyo kwanza anatoka stoo. Spana ilimdondoka.

"Mungu wangu. Wenzangu wanasema Atanga kalichukua. Kwenye orodha limeandikwa zima, mama."

"Limepakia?"

"Tani nane."

Atanga ni dereva wetu kutoka Bolgatanga, mcheshi asiyejua kunyamaza, baba wa mapacha ambao alikuwa amewaona kwenye simu tu. Redio ya upepo ilikuwa palepale mezani. Lakini kuishika na kusema kumi na moja halina breki za nyuma ilikuwa ni kuwatangazia vikosi vyote kwamba ukaguzi wa jana ulikuwa uongo, na wakaguzi wenyewe walikuwa bado wanasubiri ndege, redio zao mkononi. Dery aliliona hilo usoni kwangu.

"Nipe pikapu, mama. Na mzigo ule hana mbio, nitamfikia kabla hajapanda tuta. Hakuna atakayejua."

"Nenda," nikasema.

Hilo ndilo lililonitoka. Nenda! Halafu nikasimama naitazama saa ya ukutani. Dakika ya kwanza niliomba. Ya pili nilipiga hesabu ya njia: lango, kizuizi cha barabarani, kona ya soko, halafu tuta. Ya tatu niliifikiria nyota, sitasema uongo, niliifikiria nikaiona begani. Ya nne ndipo nikawaona akilini wanawake wa Kinuer wa kambi ya wakimbizi wanaopita juu ya tuta kila asubuhi na madumu kichwani, watoto nyuma yao, maji huku na maji huku, mtu hana pa kukimbilia. Nikaidaka redio.

"Kumi na moja! Atanga! Huna breki za nyuma! Shusha gia, lisimamishe, sikia!"

Sauti yake ikaja, ndogo. "Mama, nimeshapanda tuta. Mbele kuna watu."

Alilitumbukiza lori majini, upande wa kushoto, na wale watu hakuguswa hata mmoja. Kabini ilimbana mguu wa kulia kwa saa moja na nusu, Dery akiwa majini amemshikilia kichwa kisizame. Hospitali ya kambi ikaukata chini ya goti.

Jina langu likarudishwa kutoka Accra. Nilistahili, hapo sina neno. Kwenye uchunguzi nilieleza yote, valvu, chakula, usukani. Hakuna aliyeniuliza nilijua saa ngapi. Kumbukumbu za redio zilionyesha saa tatu na dakika kumi na nne, wakaandika kwamba ndipo nilipojua. Dery alinitazama, nikamtazama, tukatia sahihi. Na kikosi kizima kikaanza kusema kwamba Mama Kelele ameitupa nyota yake ili amwokoe Atanga. Mwingine angekaa kimya, walisema, na nikiingia bwaloni wananipisha kiti. Nilikikalia kiti hicho siku tatu.

Siku ya nne nikampelekea Atanga supu ya mbuzi. Alikuwa amekonda, lakini aliponiona alicheka, akanishika mkono akaung'ang'ania.

"Mama, ungenyamaza ningekuja kujua nimeshafika katikati ya wale watoto. Kelele zako zimeniokoa. Wale mapacha nitawaambia, mjue, kuna bibi yenu wa Kiewe, bila yeye hamna baba."

Ningeweza kuipokea ile shukrani. Hakuna mtu ambaye angeninyang'anya. Lakini mkono wake ulikuwa wa moto ndani ya wangu, nikashindwa.

"Atanga, nilijua dakika nne kabla sijashika redio. Nilimtuma Dery kwanza, ili wakaguzi wasisikie."

Aliangalia dari, midomo inasogea, nikajua anahesabu njia kama nilivyoihesabu mimi.

"Dakika nne," akasema. "Wakati huo nilikuwa bado kwenye kizuizi cha barabarani. Nilikuwa nimesimama kabisa, injini nimezima. Askari wa Mongolia wa zamu pale alikuwa ananiomba sigara."

Alitoa mkono wake taratibu, akavuta shuka mpaka kifuani.

"Supu iache hapo, afande."

Nikaiacha mezani, nikatoka.