Goti la Melkior

Kijiji kizima cha Kakese kilijua kwa nini Melkior alianguka mtini. Mwanamume akienda kambi ya asali katika msitu wa Ugalla, mkewe nyumbani hushika mwiko: akitoka nje ya ndoa, nyuki humgeukia mume huko juu mpaka aanguke. Na Kasilda alikuwa ametoka, mara moja tu, na mchuuzi wa samaki aliyepita akaenda zake. Wiki ileile Melkior akaletwa kwa machela, goti limevunjika. Lisemwalo lipo, watu wakasema. Kasilda hakuwabishia, maana nafsi yake ilikwisha kumhukumu kabla yao.

Aliungama. Padre akamwondolea dhambi, naye akalia, akaamini kwamba Mungu amemsamehe. Lakini Mungu haketi kwenye mabenchi ya wanawake! Pale huketi kina Romana, wenye macho ya kumvua mtu nguo. Saa ya komunyo ikifika, Kasilda alibaki ameinama. Nyumbani alimkanda Melkior mguu bila kumtazama usoni, na Melkior naye aligeukia ukutani. Aibu ilimla ndani kwa ndani.

Siku ya Pasaka, watu walipoinuka kwenda kukomunika, Melkior alisimama upande wa wanaume, akajikokota na fimbo yake. Hakwenda mbele. Alivuka njia ya katikati mpaka kwenye benchi la wanawake alipoinama mkewe, jambo ambalo halikupata kuonekana tangu kanisa lile lijengwe. Romana alishika mdomo.

"Mama Anselmo, nishike mkono. Peke yangu siwezi kupiga goti."

"Baba Anselmo, usinitie aibu," Kasilda alinong'ona. "Goti hilo nimelivunja mimi."

"Limevunjwa na kamba ya kupandia. Ilikuwa imeoza, niliiona asubuhi ile, nikapanda nayo kwa kiburi. Halafu nikaona haya kuchekwa, nikakuacha usemwe wewe." Sauti yake ilisikika mpaka mlangoni. "Ulichonikosea kiliniuma, sikatai. Nimekusamehe. Na wewe nisamehe, twende."

Kasilda aliinuka, akamshika mkono. Aibu haikumwacha, alitembea nayo mbele ya macho yale yote. Walipofika, Melkior alimwegemea kwa uzito wake wote, naye akamshusha taratibu, wakapiga magoti pamoja. Padre alisimama na hostia mkononi, akiwangoja.