Vifungo Vinane vya Douce

Nina haraka, najijua. Mtoto akikosea mara tatu, hasira inanipanda.

Ijumaa Direkta Théophile, mkuu wa shule yetu, angepita darasani kwangu hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kupima watoto. Asiyejua kugawa nusu angebaki kwa wadogo mwaka mwingine. Wote walishajua, isipokuwa Douce, na sikutaka aachwe na wenzake.

Nilimpa vifungo vinane, kati ya vile nilivyoletewa na dada yangu, fundi wa cherehani kule Chilinde, Lilongwe. Nikamwekea na vifuniko viwili vya ndoo, kimoja kikubwa kuliko kingine.

"Gawa nusu kwa nusu."

Akaweka viwili huku, sita kule. Nikamwambia arudie. Viwili, sita. Nikadhani kifuniko kikubwa kinamchanganya, nikatafuta vinavyolingana. Viwili, sita tena. Nilikuwa karibu kufoka, ila jambo moja likanizuia: mtoto anayebahatisha hukosea kila mara kivingine. Huyu alikosea vilevile. Nikachuchumaa.

"Douce, juu ya nini huku unaweka mbili tu?"

Akaniangalia kana kwamba mjinga ni mimi. "Huku ni kwa Mama Annuarite, Madamu. Beko babili. Huku ni kwetu, tuko sita."

Nikaona aibu. Mama Annuarite ni jirani yao, na kwake ni watu wawili tu. Tangu azaliwe ameona mgao ukitolewa hivyo: kadi inasomwa, watu wanahesabiwa, ndipo unga unapimwa.

"Na kama hii nyumba beko bane, na ile bane?"

Vinne, vinne. Hakufikiri hata kidogo.

Ijumaa Direkta akaweka vifungo kumi na sahani mbili mezani. "Gawa nusu."

Douce akagusa sahani ya kwanza. "Hapa kuko bantu ngapi?"

Direkta akanigeukia. Sikuruhusiwa kusaidia. Direkta akamrudia mtoto.

"Pote sawasawa," akasema.

Vitano, vitano. Direkta akashika kalamu, kisha akaiweka chini.

"Na kama hapa kuko babili, na hapa batatu?"

Douce akavisogeza kimoja kimoja, taratibu, mpaka vikawa vinne na sita. "Kila mutu mbili," akasema.

Direkta akavihesabu mwenyewe. Akaandika kwamba Douce apande darasa, kisha akaniuliza hilo la mwisho nilimfundishaje. Nikamwambia ukweli, kwamba sikumfundisha mimi.