Fremu Tatu za Lugoba

Jina la mwanangu nililikuta Lugoba, limetundikwa ukutani juu ya kichwa cha mwanamume. *Dkt. Adila Bwanausi.* Chini ya jina hilo mwanamume mwenyewe, koti jeupe limemkaa mabegani kama la kuazima, alimgusa mtoto paji la uso akasema, "Malaria hii," kabla mama mtu hajamaliza kukaa. Kile kipimo cha kusikilizia kifua kilimning'inia shingoni. Sikumwona akikitia masikioni hata mara moja.

Nilikuwa nimebakiza siku kumi na nne za eda.

Tangu tumzike mume wangu nilikaa ndani, Bagamoyo, bila wanja, bila udi, bila marashi. Mwanamume asiye maharimu yangu alisema nami nyuma ya pazia la mlango. Bi Ashura, shangazi wa marehemu, ndiye aliyenisimamia. Alikuwa mkali hata kwa kuku waliopita kizingitini.

Mwezi wa kwanza wa eda alikuja shemeji yangu Maulidi, mdogo wa marehemu. Akakohoa barazani.

"Shemeji, Adila bado anajitolea kule Saadani?"

"Bado."

"Miaka miwili sasa! Nipe vyeti vyake. Nina mtu wangu Lugoba, atamtafutia nafasi. Kaka angekuwa hai angefanya hivyo hivyo."

Adila alisoma miaka mitano. Ukafuata mwaka wa utarajali katika hospitali ya mkoa, mwaka ambao alikuja nyumbani mara mbili tu, na mara zote mbili alisinzia na tonge mkononi. Kisha mtihani, kisha leseni. Siku alipoipata tulisoma maulidi, mtaa mzima ukala pilau, nami nikatembea kichwa juu. Baada ya hapo akaambiwa asubiri. Kila nafasi zilipotangazwa zilikuwa za kuhesabika, na walioomba ni uwanja mzima. Anataka kusomea ubingwa wa uzazi, lakini ubingwa nao ulihitaji mwajiri wa kumdhamini, na mwajiri ndiye ambaye hakuonekana. Basi akaenda kuzalisha wake za wavuvi bure, asije akasahau kazi ya mikono yake.

Kwa hiyo shemeji aliposema "nafasi," sikuuliza nafasi gani. Niliinama, nikaipitisha bahasha ya vyeti chini ya pazia. Niliuona mkono wake tu, wenye pete ya fedha, ukaipokea. Nikajiona mwanamke mwenye kuihifadhi eda yake. Hadi leo, nikikumbuka nilivyoridhika na nafsi yangu saa ile, uso wangu huwaka.

Miezi mitatu baadaye, siku ya Jumanne, Adila akapiga simu, furaha imemjaa. "Mama, nimeitwa usaili! Dodoma, Jumamosi. Wanataka vyeti halisi. Ile bahasha ya kabatini, mama, nakuja kesho kuichukua."

Nikampigia Maulidi. Alizungusha maneno weee, mwisho akaishiwa.

"Vipo zahanati kwa rafiki yangu. Wameliweka jina lake tu, shemeji. Pale hapafunguliwi bila jina la daktari."

"Na anayetibu ni nani?"

"Yupo kijana, Mtoro, alikuwa akiuza kwenye duka la dawa. Ana uzoefu. Mwambie Adila aombe wiki moja."

"Aombe wiki kwa nani? Kwa serikali?"

Akakata simu.

Mimi si mtu wa kupandisha sauti. Marehemu alizoea kusema nikikasirika ndipo nyumba inapotulia. Asubuhi ya Jumatano, baada ya sala, nilijifunga kanga na kulitafuta buibui langu.

"Unakwenda wapi na eda yako?" Bi Ashura alisimama mlangoni, kajaza mlango mzima.

"Lugoba."

"Mwanamkasi! Watu watasema kaburi la mtoto wetu halijakauka, mjane kashatoka kutafuta mume!"

"Haja ya mchana sheria imeiruhusu, Bi Ashura. Jua likizama nitakuwa kwangu."

"Sheria naijua kabla hujazaliwa. Mimi nakwambia watu."

Nikamweleza habari ya vyeti. Alinisikiliza, midomo ikimchezacheza. Kisha akavivua viatu vyake vya mpira akavisukuma kwa mguu hadi mbele yangu. "Vaa hivi. Vyako vina shanga, hilo pambo."

Ndivyo nilivyofika Lugoba, kwa viatu vilivyonipwaya, nikalikuta jina la mwanangu lina kazi kabla ya mwenyewe.

"Shikamoo, mama," Mtoro alisema. "Kaa kwenye foleni."

Sikuitikia. "Daktari Adila yuko wapi?"

"Ametoka kidogo."

"Tangu lini?"

"Asubuhi alikuwepo hapa."

"Ana sura gani?"

Akacheka kidogo, akiwatazama wagonjwa wamsaidie. "Mama, ni daktari wetu huyo. Mnene kiasi, mtu mzima."

"Ana miaka ishirini na tisa, na mwembamba kama ufito. Nimemzaa mimi."

Wagonjwa wote wakamgeukia. Nikavuta benchi tupu lililokuwa mlangoni hadi ukutani, nikavua viatu vya Bi Ashura, nikapanda. Fremu zilikuwa tatu: shahada, utarajali, leseni.

"Mama, shuka! Utaanguka!"

"Nikianguka nitibu. Si wewe daktari?"

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Niliishusha ya kwanza, nikaishusha ya pili. Ya tatu ilikataa, nikaivuta ikatoka na msumari wake. Nilipogeuka kushuka nikaliona daftari la wagonjwa limefunguliwa mezani. Jina la mgonjwa, ugonjwa, dawa, na mwisho wa kila mstari sahihi: *A. Bwanausi, A. Bwanausi*, kwa mwandiko mpana uliolala ubavu. Mwanangu huandika herufi ndogo kama punje za ulezi. Niliishia darasa la saba, lakini sahihi ya mtoto wangu naijua.

"Kwani daktari mwenyewe ni nani?" aliuliza yule mama mwenye mtoto.

"Hayupo, mwanangu. Hajawahi kukanyaga hapa. Mpeleke mtoto kituo cha afya."

Akambeba mwanawe akatoka. Wengine hawakuinuka. Mzee mmoja, mguu umemvimba na kuviringishiwa kitambaa, alinitazama kwa chuki ya wazi.

"Kituoni nimekaa jana tangu alfajiri, daktari mmoja, watu utitiri. Sasa umekuja kutung'olea na huyu. Mlete basi mwenye jina."

"Mwenye jina yuko tayari mwaka wa pili huu, mzee."

"Sasa anangoja nini?"

Mgonjwa amekaa kwenye benchi anamngoja daktari, daktari amekaa Saadani anaingoja kazi, na katikati yao wamesimama watu kama shemeji yangu, hawamngoji mtu. Nilizifunga fremu ndani ya kanga, nikatoka na msumari umo kiganjani, umenichoma bila mimi kuhisi.

Nilifika nyumbani kabla ya adhana ya magharibi. Nilisali, na hasira ikasali nami. Tukatoa salamu pamoja.

Adila alikuwa amekwisha kufika. Nilimweleza yote, hata habari ya pazia, sikujifichia kitu. Hakunilaumu. Alivitoa vyeti kwenye vioo kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayefungua kidonda cha mwenzake.

"Hilo daftari, mama. Kuna aliyekufa humo?"

"Sijui. Sikufunua kurasa nyingine."

Akavipanga vyeti mkekani. "Nitaliandikia Baraza la Madaktari kabla sijaenda Dodoma. Na nikiulizwa kwenye usaili, nitasema."

Nilitaka kumwambia anyamaze, apate kazi kwanza. "Na wakikunyima?"

"Bora wamnyime Adila kuliko wamchukue yule wa ukutani."

Alhamisi, baada ya alasiri, barazani kulisikika kikohozi.

"Shemeji." Sauti ya Maulidi ilikuwa laini kama siku ile ya kwanza. "Yamekwisha yale, sisi ni ndugu. Ila kesho wakaguzi wanapita pale. Niazime ile leseni tu, siku moja. Jioni naileta, usaili wake ni Jumamosi."

Bi Ashura alinitazama. Chumbani Adila alikuwa ameinamia barua yake.

Chini ya pazia mkono ukaingia, kiganja juu, pete ile ile. Nikauangalia. Kisha nikainama, kwa adabu ile ile, nikauweka msumari katikati ya kiganja.

Vidole havikufumba. Mkono ulibaki pale pale sakafuni, umefunguka, na nyumba nzima ikatulia hata nikaisikia kalamu ya mwanangu ikikwaruza karatasi.