Mbao Mupya za Rangi ya Bihogo

Mashini ya kupepeta maharagi ya muzungu wetu, hapa Nyamitaba, ilikuwa na mukono wa bibi yangu, yule niliyemuoa, upande mumoja. Sisemi kwa mufano. Mwaka wa 1946, walipoipaka rangi, Mukasine alisahau akaiegemea ingali mbichi. Vidole vitano vikabaki pale. Kapita, musimamizi wa kazi, akamutukana. Yeye akacheka, akapangusa kiganja na majani.

Alikufa mwaka wa 1951. Mimi nilikuwa nimepelekwa kwa lazima kazi ya barabara, siku ishirini, na yule aliyeandika majina alijua vizuri kama bibi yangu iko mugonjwa. Wakubwa wanajua sana kuandika majina. Tuache hiyo.

Miaka miwili baada ya kufa kwake, muchwa wakala mbao za upande wa pili. Kazi ya mbao ni yangu, nikaweka mupya. Pierre, karani, akakaa kuandika barua ya kuomba rangi Goma.

"Karani," nikamwambia, "andika bihogo."

Sisi wenye ng'ombe, hatusemi nyekundu tukanyamaza. Kuko gaju, yenye kuwaka kidogo kama mutama mukavu. Kuko bihogo, nyekundu nzito, kama udongo ulionyeshewa. Mashini ilikuwa bihogo. Mukasine alizoea kusema iko dada ya ng'ombe ya jirani yetu, Mama Libérata.

Pierre akacheka. "Papa Hakorimana, Goma hawauzi ng'ombe ndani ya kopo." Akaandika rouge, nyekundu tu kwa Kifaransa.

Basi ikakuja rouge. Kopo mbili, nyekundu kama kilemba cha jogoo. Muzungu akaangalia kopo, akaangalia mashini.

"Rangi mbili ni aibu," akasema. "Siku ya posho mupake yote. Pande zote."

Yote. Na mukono wa Mukasine pia.

Nikavua kofia. "Bwana, kama ninapata rangi yenye kufanana na ya zamani, ninapaka mbao mupya tu?"

"Kama inafanana. Nikiona mupaka, unapaka yote."

Sasa mashini iko imefungiwa ndani ya magazini, nyumba ya kuwekea mavuno, na Pierre ameenda Rubaya kwa ndoa ya kaka yake, ufunguo ndani ya mufuko wake; rangi ya zamani siwezi kuiona. Ndiyo vile wanatutawala. Nikabeba kopo moja mpaka nyumbani, nikakwangua masizi ya sufuria, nikaanza kuchanganya juu ya kipande cha ubao. Asubuhi ile Mama Libérata akapita na ng'ombe zake, zikitoka kuogeshwa dawa ya kupe.

"Hakorimana, unapika nini?"

"Ninapika ng'ombe yako. Simamisha ile bihogo hapa."

Akaishika pembe. Nikatia masizi, nikaangalia mbavu ya ng'ombe, nikatia tena, mpaka ubao na ng'ombe vikawa kitu kimoja. Nikajisifu mbele yake, kweli nikajisifu.

Jua lilipofika juu ya kichwa, ng'ombe ikarudi kutoka kwenye majani. Ubao ulikuwa mweusi kama maini. Ng'ombe ilikuwa ng'ombe nyingine.

Mama Libérata akakaa chini kwa kucheka. "Wewe mutoto wa wafugaji! Umefananisha na ng'ombe yenye kutoka kuoga! Mukasine angekuona, angerudi kwao!"

Nami nikacheka. Sikumbuki nilicheka lini kabla ya siku ile.

Nikaanza upya, masizi kidogo tu, na udongo wa manjano wa njiani, niliouchekecha na kitambaa. Safari hii nikangojea: ubao ukauke, na ng'ombe ikauke. Kesho yake nikaweka ubao kwenye mbavu yake.

"Ubao iko wapi sasa?" nikauliza.

"Hata nzi haijui," Mama Libérata akasema. "Na chumvi ya kulipa ng'ombe yangu utaleta lini?"

Siku ya posho Pierre akarudi na ufunguo, macho bado ya pombe. Nikapaka mbao mupya asubuhi. Muzungu akakuja jioni, rangi imekauka. Akazunguka mashini mara mbili, akapitisha kidole kwenye ubao wa zamani mpaka kwenye mupya. Kidole hakikujua pa kusimama. Kisha akaona ule mukono.

"Na hii?"

"Ni ya zamani, Bwana."

"Acha," akasema, akaenda zake. Kushukuru hakushukuru. Hawashukurugi.

Kopo ya pili alipewa Pierre, apake mulango wa biro, ofisi yake. Ukisimama kwa Mama Libérata, kule juu, unauona mulango unapiga kelele peke yake. Mimi nilimupelekea chumvi yake, na tukauangalia pamoja, tukacheka tena.

Sasa maharagi yamekauka, na kila asubuhi ninazungusha mashini. Maganda yanaruka, maharagi yanaanguka safi. Nikichoka ninaegemea upande ule wa zamani. Kiganja changu ni kikubwa kuliko chake. Vidole vinapita kidogo.